Ujumbe Umetumwa, Lakini Nani Amepata Habari?

Saa nne kasoro robo usiku, mwalimu wa darasa anaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: "Mtihani wa Sayansi wa kesho umesogezwa hadi Alhamisi. Kesho waje na daftari la mazoezi." Anatuma, anaweka simu kwenye chaji, analala. Mzazi wa kwanza anajibu "Asante mwalimu." Wengine kumi na wawili wanafuata, kila mmoja na asante yake. Mmoja anaulizia sweta lililopotea wiki iliyopita. Mwingine analeta video ndefu ya mawaidha. Kufika alfajiri tangazo la mtihani limezama chini ya jumbe sabini na kitu. Mama aliyeamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto anaona idadi ya jumbe ambazo hajazisoma, anaguna, anairudisha simu mezani. Mwanawe anakwenda shule macho mekundu, amekesha akisomea mtihani ambao haupo.

Mwalimu atasema alitangaza, na ni kweli. Mama ataapa kwamba hakuambiwa, naye hasemi uongo.

Nimekaa pande zote mbili za simu hiyo, kama mwalimu na kama mzazi, na jambo moja linaniuma. Shule ikiamua kuwasiliana vizuri na familia, swali la kwanza mezani huwa "tutumie programu gani?" Swali hilo lilipaswa kuja mwisho. Kabla yake yapo matatu: habari hii ni ya nani, akishaipata ataifanyia nini, na je, bado ana muda wa kuifanyia kitu? Shule yenye majibu ya maswali hayo inaweza kufanikiwa hata kwa simu ya kitochi. Isiyo nayo inaweza kununua mfumo wa gharama kubwa na bado wazazi wakawa gizani.

Mizigo mitatu kwenye gari moja

Tunaposema "kuwafahamisha wazazi" tunachanganya vitu vitatu ambavyo havifanani.

Kuna tangazo: shule inafungwa lini, mtihani umesogezwa, kikao cha wazazi ni Jumamosi. Hili ni la wote, ni la upande mmoja, na halihitaji jibu. Kuna habari ya mtoto mmoja: hakufika leo, hajakabidhi kazi, ameanza kusoma kwa ufasaha baada ya kusuasua muhula mzima. Hii ni ya familia moja tu, na wengine hawapaswi kuiona. Kisha kuna mazungumzo: mzazi anataka kueleza kwamba mtoto halali vizuri tangu babu yake afariki, au mwalimu anataka kuuliza kwa nini mtoto amekuwa mkimya. Hapo lazima pande zote mbili zisikilizane.

Kundi la kawaida la WhatsApp limeundwa kwa ajili ya hilo la tatu, tena kati ya watu wanaojuana. Ukilipakia yote matatu, tangazo linazama, habari ya mtoto inaanikwa hadharani, na mzazi mwenye jambo zito la kusema ananyamaza kwa sababu watu themanini wanasoma. Isitoshe, kwa kawaida kila aliyemo kwenye kundi anaiona namba ya mwenzake, na si kila mlezi anapenda hivyo. Wapo waliobadilisha namba ili wasipatikane na mtu fulani.

Dawa ya sehemu ya tatizo hili iko ndani ya programu yenyewe na haina gharama. Tangu mwaka 2018, msimamizi wa kundi anaweza kuamua kwamba wasimamizi tu ndio wanaotuma ujumbe. Mpangilio huo mmoja hugeuza kundi kuwa ubao wa matangazo. Mazungumzo yabaki kati ya mwalimu na mzazi, na wazazi wakitaka kundi lao la kujuliana hali waliunde wenyewe, bila mwalimu ndani. Wapo watakaonung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wataanza kuyasoma matangazo, kwa kuwa sasa wanajua kila kinachoingia humo kinawahusu.

Ujumbe mfupi bado una kazi

SMS ya kwanza ilitumwa Desemba 1992, kabla ya walimu wengi wa leo kuzaliwa au kuanza shule. Kwa tangazo la dharura sijaona kinachoishinda. Haihitaji bando, inafika kwenye simu ya aina yoyote, haidai nenosiri, na haifukiwi na video. Mifumo mingi ya shule inaweza kutuma SMS kwa wazazi mia tano kwa mara moja.

Lakini ina masharti yake, na hapa naomba nitue kidogo kwa sababu shule nyingi zinapoteza fedha bila kujua. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, mapengo kati ya maneno yakihesabiwa. Hesabu hiyo inategemea orodha maalumu ya herufi za msingi. Ikiingia hata herufi moja iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Kikaragosi cha tabasamu kinatosha kuleta balaa hilo. Na kwetu sisi tunaoandika Kiswahili kuna mtego mwingine: ritifaa, ile alama ndogo ya juu inayokaa kwenye ng'. Ukiandika "ng'ambo" kwa simu, mara nyingi unapata ritifaa iliyonyooka, ambayo imo kwenye orodha. Ukiliandika tangazo kwenye kompyuta kwanza, programu ya kuandikia huipinda ritifaa ili ipendeze, na hiyo iliyopinda haimo. Ukilinakili tangazo la herufi 150 namna hiyo, lililokuwa ujumbe mmoja linakuwa jumbe tatu, na shule inalipia tatu kwa kila mzazi. Karani anaona salio limeisha katikati ya muhula na hajui limekwenda wapi. Kwa hiyo kabla ya kutuma kwa watu mia tano, angalia kihesabio cha herufi, futa mapambo, na ikibidi andika ritifaa upya kwa mkono.

Mifumo ya darasa inajua kile tu ilichoambiwa

Juu ya SMS kuna mifumo mikubwa zaidi. Moodle ilitoka mwaka 2002, Google Classroom mwaka 2014, na ipo mingine mingi. Humo mwalimu anaweka kazi, tarehe ya mwisho, alama na maoni, na mwanafunzi anaona vyote mahali pamoja. Google Classroom inaweza pia kumtumia mlezi muhtasari kwa barua pepe, kila siku au kila wiki, ukieleza kazi ambazo mtoto hajakabidhi na zile zinazokuja. ClassDojo, iliyoanza mwaka 2011, inampa mzazi picha, jumbe na taarifa za mwenendo wa mtoto darasani.

Ni vifaa vizuri. Ila huwa nasikitika nikiona vinauzwa kana kwamba vinajua kitu chenyewe. Mfumo hauoni darasa. Mwalimu asipoingiza alama kwa wiki tatu, mzazi ataona ukurasa safi na kudhani mambo ni shwari. Akiingiza kazi kumi usiku mmoja, mzazi atapokea arifa kumi na kupatwa na hofu. Na mwalimu ambaye lazima ajaze mahudhurio kwenye rejista ya karatasi, kisha kwenye faili la kompyuta la ofisi, kisha kwenye programu ya wazazi, atachoka, na kitakachoachwa kwanza ni cha wazazi. Uongozi unaoongeza mfumo mpya bila kuondoa hata daftari moja la zamani haujamsaidia mwalimu. Kabla ya kununua chochote, muulize mwalimu anaandika jambo lilelile mara ngapi kwa wiki.

Kisha kuna mlango. Mfumo unaotaka mzazi afungue akaunti, athibitishe barua pepe na kubuni nenosiri utawapata kwanza wale ambao tayari wanafuatilia kila kitu. Watafiti Peter Bergman, Jessica Lasky-Fink na Todd Rogers walilipima hili huko Washington, mji mkuu wa Marekani, kwa huduma ya kuwatumia wazazi taarifa za masomo kwa ujumbe mfupi. Wazazi walioambiwa wajiunge kwa kujisajili kwenye tovuti, waliojiunga hawakufika asilimia 1. Walioambiwa wajibu tu ujumbe kwa kukubali, wakawa karibu asilimia 8. Kundi la tatu liliunganishwa moja kwa moja na kuelezwa namna ya kujitoa. Humo zaidi ya asilimia 90 walibaki. Huduma ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kizingiti cha mlango.

Nimewahi kumsikia kiongozi wa shule akisema wazazi wake "hawajali" kwa sababu hawakujisajili. Natamani angeziona namba hizo.

Sentensi moja inayofaa

Je, mawasiliano yote haya yanamsaidia mtoto kujifunza? Ushahidi upo, na unaelekeza upande mmoja: habari inafanya kazi ikiwa mahususi.

Bergman alifanya jaribio Los Angeles ambapo wazazi walipelekewa taarifa za kazi ambazo watoto hawajakabidhi, zikitaja somo, kurasa na namba za maswali. Alama za watoto hao zilipanda. Alichogundua njiani ndicho kinachonigusa zaidi: wazazi waliamini watoto wao wanajitahidi kuliko ilivyokuwa. Pengo halikuwa la upendo wala bidii ya mzazi. Lilikuwa pengo la habari, na aliyelinda pengo hilo, kwa sababu zinazoeleweka, alikuwa mtoto mwenyewe.

Matthew Kraft na Todd Rogers nao walifanya jaribio kwenye programu ya masomo ya kiangazi nchini Marekani, kwa wanafunzi waliokuwa wakirudia masomo waliyofeli. Kila wiki familia ilipata sentensi moja tu kutoka kwa mwalimu. Wanafunzi walioshindwa kulifaulu somo walishuka kutoka asilimia 15.8 hadi 9.3. Sentensi iliyotaja jambo la kurekebisha ilionyesha nguvu kuliko iliyosifu tu.

Na kuna la Philadelphia, ambalo huwa nalitaja kila ninapokutana na mtu anayedhani teknolojia ni lazima iwe na skrini. Rogers na Avi Feller waligundua kwamba wazazi wa watoto watoro walidhani watoto wao wamekosa karibu nusu tu ya siku walizokosa kweli. Wakazitumia familia hizo hesabu sahihi, mara chache kwa mwaka, na utoro sugu ukapungua kwa asilimia 10 au zaidi. Walitumia barua za karatasi kupitia posta.

Sasa angalia jumbe mbili. Wa kwanza: "Mwanao hafanyi vizuri Hisabati. Tafadhali fuatilia." Mzazi afuatilie nini? Pengine hata yeye Hisabati ilimshinda. Atakachofanya ni kumgombeza mtoto, na mtoto atajifunza kuichukia simu ya mzazi. Wa pili: "Habari, mama Neema. Neema hajakabidhi zoezi la sehemu, uk. 42, maswali 3-6. Nitalipokea hadi Ijumaa. Muulize swali la 4 limemkwamisha wapi."

Huu wa pili unaingia kwenye SMS moja na nafasi inabaki. Una jambo lililotokea, una muda ambao bado haujaisha, na unampa mzazi swali analoweza kuuliza bila kujua sehemu ni nini. Ndiyo maana ripoti ya mwisho wa muhula, pamoja na heshima yake yote, haimsaidii mtoto sana: inafika wakati zoezi la ukurasa wa 42 limeshazikwa.

Mzazi asiyesoma vizuri, au anayezungumza lugha tofauti na ya shule, anahitaji maneno yayohayo kwa sauti. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika unatosha. Nimemwona bibi anayelea wajukuu watatu akiusikiliza ujumbe wa mwalimu mara nne, simu ikiwa sikioni, akitikisa kichwa kila unapofika mwisho. Karatasi za shule alikuwa akizikunja na kuziweka kwenye kopo, zisubiri mtu wa kuzisoma.

Yasiyofaa kutumwa

Kuna shule moja ambayo niliona ikibandika kwenye kundi la wazazi orodha ya wanafunzi wenye deni la ada, majina kamili na kiasi. Ilikusudia kuwahimiza. Kesho yake watoto wawili hawakufika, na wenzao walijua kwa nini. Matokeo ya mtihani ya darasa zima, yaliyopangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, yana madhara yaleyale: mtoto wa thelathini na nane amewekwa hadharani mbele ya majirani zake. Habari ya mtoto mmoja iende kwa familia moja. Mifumo ya kisasa inaweza kutuma ujumbe mia tano tofauti kwa kazi ileile ya kutuma mmoja, hivyo kisingizio cha kukosa njia hakipo tena.

Picha pia. Mtoto anayecheka kwenye sherehe ya shule ni picha nzuri, lakini ikishaingia kwenye simu mia moja hakuna wa kuirudisha. Ombeni ridhaa ya wazazi mwanzoni mwa mwaka, kwa maandishi, na asiyeridhia asitengwe.

Kuhusu usalama nitasema machache. Desemba 2024, PowerSchool, kampuni ya Marekani inayohifadhi kumbukumbu za mamilioni ya wanafunzi, ilivamiwa na taarifa zikaibwa. Waliovamia waliingia kwa kutumia akaunti halali iliyoibwa. Funzo kwa shule ndogo ni rahisi: kila mwalimu awe na nenosiri lake, anayehama afungiwe siku hiyohiyo, na kisichohitajika kisikusanywe kabisa. Wazazi nao waambiwe mapema kwamba shule haitabadilisha namba ya malipo kwa ujumbe tu. Matapeli wanapenda jina la shule kwa kuwa mzazi hulipa haraka akisikia mtoto atarudishwa nyumbani.

Mwenye habari ni mwanafunzi

Katika mazungumzo haya yote kuna mtu tunayempita kana kwamba ni mzigo unaosafirishwa kati ya watu wazima wawili. Mtoto wa miaka saba anahitaji mzazi ajue karibu kila kitu. Kijana wa miaka kumi na sita anahitaji kwanza ajue yeye, mapema, na apewe nafasi ya kurekebisha kabla nyumbani hawajaambiwa.

Kwake yeye, faida kubwa ya mfumo wa darasa ni kalenda. Kijana ana walimu wanane, na kila mmoja anatoa kazi kana kwamba yuko peke yake. Orodha moja yenye tarehe zote humwezesha kuona kwamba Alhamisi ijayo ana kazi nne, na kuanza Jumapili. Walimu wakikubaliana kutumia mahali pamoja, hilo linawezekana. Mmoja akituma WhatsApp, wa pili akiandika ubaoni, wa tatu akipakia kwenye mfumo, kijana hana tofauti na yule mama wa alfajiri mwenye jumbe sabini.

Kuna hatari pia ya kumfahamisha mzazi kupita kiasi. Programu inayomletea alama dakika ileile zinapoingizwa humfanya aijue aibu ya mtoto kabla mtoto hajaijua. Mtoto anaingia mlangoni na kukuta kesi imeshaamuliwa. Nimeona vijana wakiacha kujaribu maswali magumu kwa sababu kila kosa linaripotiwa nyumbani, na darasa ambalo huwezi kukosea ndani yake si mahali pa kujifunzia. Ningeshauri taarifa za kawaida ziende mara moja kwa wiki, siku inayojulikana, kabla ya saa mbili usiku. Mtoto asipoonekana shuleni, hiyo isisubiri: mzazi ajue asubuhi ileile.

Kazi ya kwanza ya muhula, kabla ya programu yoyote, ni kuhakiki namba. Namba zinapotea, zinauzwa pamoja na simu, zinahamia kwa mjomba. Mimi huwaita wanafunzi mmojammoja na kuuliza: nyumbani nani anashika simu jioni? Nani husoma ujumbe akaufanyia kazi? Mara nyingi si jina lililoandikwa kwenye fomu. Ni dada mkubwa, shangazi, au baba anayefanya kazi mbali lakini hupiga kila usiku. Mlezi aliyeandikishwa akiridhia, huyo naye naongeza namba yake.

Na kabla sijatuma ujumbe wenye uzito, humwonyesha mwanafunzi. Muhula uliopita nilimgeuzia kijana mmoja simu yangu na kumwambia, "Nataka kumwandikia mama yako hivi. Kuna uongo hapa?" Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akasema, "Hakuna, mwalimu. Lakini ongeza kwamba sehemu ya pili sikuielewa tangu mwanzo." Nilikuwa nimeandika kwamba amezembea. Nikafuta, nikaandika alichosema, na tukatuma pamoja.